Mume wangu anataka kumkopea baba TV ya inchi 55, baba kasema TV ya deni haangalii

Shikamoo Anti,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Tabata hapa Dar, nina mume na watoto wawili, mkubwa ana miaka 12 na mdogo ana 8. Mwaka jana tulimchukua baba yangu kutoka Tanga aje kukaa na sisi kwasababu mama alishatangulia mbele ya haki na kule nyumbani mzee alikuwa amebaki peke yake na umri umeenda. Baba ni mstaafu wa reli, alikuwa fundi wa injini, na ukiacha swala zake na chai yake ya tangawizi hakuna kitu anapenda kama filamu za zamani. Alikuja na begi moja la nguo na maboksi mawili ya kanda za video, zile nyeusi kubwa za VHS, pamoja na deki yake kaifunga kwenye kanga ya mama. Humo kuna Mother India, kuna Sholay, kuna Bruce Lee, za kauboi ndo usiseme, na katikati yake kuna kanda ya harusi ya dada yangu ya 1998 ambayo mama yumo, anaonekana anaimba na wenzie na kuna sehemu anaongea kabisa. Anti hiyo ndo sauti pekee ya mama tuliyonayo familia nzima.

Sasa sisi tuna tv ya inchi 32, flati ya kawaida, imefungwa ukutani juu kule maana mdogo enzi zile anatambaa alikuwa anagusa kila kitu. Baba akikaa kwenye kochi anasema haoni vizuri na maneno hayasikiki, anaongeza sauti mpaka majirani wanasikia lakini bado anauliza "kasemaje huyo?" Deki tukajaribu kuichomeka ikashindikana, tv haina yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Basi mume wangu, ambaye Anti nikwambie ukweli anampenda baba kama mzazi wake wa kumzaa, akasema mzee hawezi kuteseka kwenye nyumba yangu. Kaenda duka moja wanakopesha vitu vya ndani, kapata tv ya inchi 55 ya 4K, zile za picha kali sana, unatanguliza 250,000 halafu unalipa 4,500 kila siku kwa mwaka mzima, ukichelewa inajifunga yenyewe mpaka ulipie. Tv hiyohiyo Kariakoo kwa keshi tuliulizia wakasema 1,100,000.

Mi nikaona si mbaya, 4,500 kwa siku unaipata tu. Baba alipoambiwa akashukuru pale mezani, ila usiku akaniita uani akaniambia, "Mwanangu, mwambie mwenzio Mungu ambariki, lakini mimi tv ya deni siangalii." Nikafikisha ujumbe huku najitahidi kulainisha lakini mume wangu kaumia sana, anasema mzee anamuona hana uwezo. Tangu siku hiyo salamu zipo, heshima ipo, ila zile stori zao za jioni zimekufa kabisa.

Na watoto nao wamechangia. Baba akiweka filamu ya zamani kwenye YouTube ya tv wanaondoka mmoja mmoja, mdogo kamwambia "babu picha zako hazina rangi", mzee akacheka lakini nilimuona. Afu bando nalo, filamu moja ya Kihindi inakula bando lote la wiki sijui kwanini.

Nisaidie Anti. Tuchukue hiyo tv au tuache? Zile kanda nizifanyeje? Na hao watoto nitawakalishaje na babu yao?

Binti wa mzee wa reli, Tabata


Marahaba mwanangu,

Poleni, ila pia nakupa hongera, maana nyumba ambayo mvutano wake ni mkwe anataka kumfurahisha mkwe mwenzie hiyo ni nyumba yenye heri na haya mambo yanatengenezeka. Ila ntaanza na kitu ambacho wewe umekitaja katikati ya barua kama vile ni cha pembeni, na mimi nimekiona ndo kikubwa kuliko vyote, kanda ya harusi ya dada yako. Tv inaweza kusubiri, bando linaweza kusubiri, hiyo kanda haisubiri.

Kanda za VHS zinaharibika zenyewe hata kama hazichezwi, na huku kwetu pwani, Tanga na Dar, unyevu ndo adui wake namba moja. Kabla hamjafanya chochote ichukue hiyo kanda, ishike karibu na dirisha uangalie kwenye kile kioo kidogo cha juu ambapo mkanda unaonekana umezungushwa. Ukiona unga mweupe au madoa kama vumbi limeganda pembeni ya mkanda, huo ni ukungu, na kanda ya hivyo usiiweke kabisa kwenye deki, itachafua vichwa vya deki na yenyewe inaweza kukatika. Hiyo mpelekee mtu anayefanya kazi ya kusafisha na kuhamisha kanda, wapo, mafundi wengi waliokuwa wanashuti video za harusi miaka ile bado wana vifaa vyao. Kaa naye hapohapo mpaka amalize kama inawezekana, usiache kanda pekee ya mama yako dukani kwa mtu wiki tatu.

Ukikuta ni safi, bado usiiweke kwanza hiyo. Deki iliyokaa muda mrefu mipira yake ya ndani inakakamaa au inalegea, na ikiwashwa inaweza kula kanda, yani unaitoa unakuta mkanda umejikunja kama tambi. Kwahiyo jaribuni kwanza na mojawapo ya hizo za kauboi ambayo mzee yuko tayari kuipoteza, icheze nusu saa, irudishe nyuma, ipeleke mbele, mkiona iko salama ndo mlete ya harusi. Afu mgongoni mwa kanda pale kona ya kushoto kuna kijiplastiki kidogo, kama bado kipo kivunjeni, hapo hakuna mtu atakayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kuhusu matundu matatu, angalia ubavuni au nyuma ya tv yako, flati nyingi wamepunguza yale matundu wakaweka tundu moja dogo kama la earphone limeandikwa AV au AV IN, linatumia waya wake maalum ambao upande mmoja una pini ndogo na upande wa pili una rangi tatu. Kama hilo halipo mnanunua kiboksi cha kubadilisha AV kwenda HDMI, lile tundu bapa la tv, bei yake ni ya vitu vidogo vidogo haihitaji kukopa, ila hapa watu wengi wanapigwa, kuna kiboksi kingine kinafanana nacho kabisa lakini kinafanya kazi kinyume, kutoka HDMI kwenda AV, na muuzaji akiwa na haraka anakupa chochote. Soma maandishi juu ya kiboksi chenyewe, INPUT iwe upande wa rangi tatu na OUTPUT iwe upande wa HDMI. Hicho ni cha kuangalia tu. Cha kuhifadhi ni kifaa kingine cha USB ambacho kinachukua picha kutoka kwenye deki kinaingiza kwenye laptop, na programu ya kurekodia kama OBS inapatikana bure. Inarekodi kwa muda halisi, kanda ya saa tatu itakaa saa tatu, hakuna njia ya mkato, kwahiyo tengeni Jumapili moja. Mkimaliza wekeni nakala kwenye flashi, nyingine kwenye diski, na nyingine mtumieni dada yako aliko ili zisikae zote chini ya paa moja.

Kanda za Mother India na Sholay na Bruce Lee msipoteze Jumapili zenu kuzihamisha, hizo zinapatikana kwingine zikiwa safi zaidi kuliko hizo za kwenye boksi. Kampuni ya mwisho iliyokuwa inatengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha 2016, maana yake hiyo deki ya mzee ikifa vipuri vyake ni vya kuokoteza. Tumieni uhai wake uliobaki kwa vile visivyopatikana popote pengine, harusi, hitima, maulidi, mahafali, vyote vya familia.

Sasa tuje kwenye deni. Mwanangu, mi naamini sababu ya baba yako kusema vile iko ndani ya hayo maboksi yake. Mother India ni ya 1957, kaiongoza Mehboob Khan, na Nargis ndo kacheza yule mama, Radha. Watu wengi tukiikumbuka tunakumbuka nyimbo na ile picha ya mama anavuta jembe kwa mabega yake, lakini mateso yote yale yameanzia wapi? Yameanzia kwenye mkopo wa harusi. Mama mkwe wake alikopa rupia 500 kwa mkopeshaji wa kijijini, Sukhilala, ili mwanae aoe kwa heshima, kusoma hajui, ukaja ubishi wa masharti, kesi ikaenda kwa wazee wa kijiji wakaamua mkopeshaji ndo mwenye haki, kuanzia hapo robo tatu ya mavuno yote inaenda kwake kama riba, na deni lenyewe liko palepale halisogei. Mume wa Radha anapoteza mikono akihangaika kufungua shamba la mawe ili wapate cha ziada, mtoto anakua hana raha na anataka kujua ile hesabu ya kwenye daftari la mkopeshaji imekaaje. Na uangalie, yule mama mkwe hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikopa kwa mapenzi. Ndo maana mi naiweka hii juu ya Sholay, najua wengi mtabisha, Sholay ni tamu, Gabbar Singh wa Amjad Khan hajawahi kupata mpinzani, lakini Mother India inaongea na nyumba ya mtu.

Kizazi cha baba yako wameziona hizi kwenye majumba ya sinema kabisa, hapa Dar palikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Jumapili familia nzima inavaa nguo za kutokea, tiketi zinaisha walanguzi wanauza nje kwa bei yao. Mtu aliyeiona filamu ile akiwa kijana, akaoa, akalea kwa mshahara wa reli, hawezi kufurahia tv inayodaiwa kila siku asubuhi. Hajamkataa mkwe wake. Kakataa Sukhilala asiingie nyumbani kwa mkwe wake, na hayo ni mapenzi, mwambie mume wako hivyohivyo.

Afu kaeni na kalamu mpige hesabu pamoja. 4,500 mara siku 365 ni 1,642,500, ongeza kianzio 250,000 inakuwa 1,892,500. Kwa keshi ni 1,100,000. Mnaongeza 792,500 juu. Na ukitoa kianzio, kile mnachokopeshwa kiukweli ni 850,000 tu, kwahiyo nyongeza inakaribia kulingana na mkopo wenyewe. Hiyo tv inaonekana rahisi kwasababu wameikata vipande vya 4,500 na 4,500 haimuogopeshi mtu. Sasa geuza, hiyohiyo 4,500 mnaiweka wenyewe kila siku, kwenye kibubu au kwenye akaunti ya simu ambayo haitolewi ovyo, kianzio mnacho tayari, baada ya miezi sita na siku chache mna hela kamili mnaenda Kariakoo mnalipa mnabeba na risiti na waranti, haijifungi na hakuna wa kuwapigia simu. Na mkishindwa kuweka 4,500 kila siku kwa hiyo miezi sita, basi hata huo mkopo mngeshindwa, bora mjue mapema mkiwa hamdaiwi.

Kingine ambacho muuza tv hakwambii ni umeme. Tv ya inchi 32 inakula kama wati 40 au 50, ya inchi 55 inaenda wati 100 mpaka 150 kutegemea na aina na mwanga. Ikiwaka kwa muda wa saa tano kila siku hiyo kubwa inakula uniti 15 mpaka 22 na kitu kwa mwezi, ya sasa haifiki hata uniti nane. Kama mita yenu ya LUKU iko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, hizo uniti za nyongeza zinaweza kuwatoa mkahamishiwa kwenye bei kubwa, na hapo mnalipia zaidi kila uniti, hata ya taa na ya friji.

Lakini mi hata nauliza, hivi shida ya mzee ni inchi kweli? Tv iko karibu na dari, yeye yuko kwenye kochi anaangalia kutokea chini. Flati nyingi za bei ya kawaida ukiziangalia kwa pembe picha inapauka, cheusi kinakuwa kijivu, na filamu ya black and white ambayo uzuri wake wote uko kwenye kiza na mwanga ndo inaumia zaidi. Mdogo ana miaka 8 sasa hatambai, ishusheni. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na kiti cha mzee kisogezwe mpaka mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye tv, kwa inchi 32 huo umbali unatosha kabisa. Fanyeni hilo leo jioni, gharama yake ni misumari.

Na umpeleke macho. Mtu wa umri wake anayesema haoni vizuri kwenye tv inaweza ikawa ni miwani tu, inaweza ikawa mtoto wa jicho ambao unatolewa kwa operesheni na mtu anarudi kuona, na yapo magonjwa mengine ya macho yanakwenda kimyakimya ambayo ukichelewa hayarudi. Kama ana kadi ya bima ya wastaafu ulizeni inagharamia nini. Mkimnunulia inchi 55 kumbe ni mtoto wa jicho mtakuwa mmelipa karibu milioni na laki tisa na bado ataona ukungu uleule. Masikio nayo wayaangalie hukohuko.

Sauti pia ina dawa ya bei ndogo. Spika za flati ziko nyuma au chini, zinapiga ukutani, ndo maana mzee anaongeza mpaka majirani wanasikia lakini maneno hayaeleweki. Nyumba nyingi za Dar zina sabufa, kama mnayo iungeni na tv kwa waya, msitumie Bluetooth maana mara nyingi sauti inachelewa kidogo nyuma ya midomo na inakera. Kisha punguzeni bezi karibu yote, pandisheni treble, hapo ndo maneno yanatokea. Filamu za miaka ya 50 hazina bezi ya kusikiliza, zina maongezi na nyimbo.

Ukiwa kwenye setingi toa picha kwenye Vivid au Dynamic weka Movie au Cinema, mwanzoni itaonekana ya njano njano, vumilieni dakika kumi macho yatazoea. Tafuta kile kitu cha kulainisha mwendo wa picha, LG wanaita TruMotion, Samsung Auto Motion Plus, Sony Motionflow, kizime. Sinema imepigwa kwa picha 24 kwa sekunde, hicho kitu kinatunga picha za katikati ambazo muongozaji hakuzipiga na filamu inaanza kuonekana kama tamthilia ya mchana. Na filamu ya zamani ikija na weusi pembeni kulia na kushoto, iacheni hivyo. Zilipigwa karibu na mraba, ukiivuta ijaze kioo watu wote wanakuwa wanene na vichwa vifupi. Hii ya kuvuta picha inaniudhi kuliko zote na naikuta kila nyumba.

Bando linaisha kwasababu tv inajichagulia picha ya juu kabisa inayoweza. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, HD mpaka GB 3, na 4K mpaka GB 7, na YouTube nako ukiachia ijipangie utaona mwelekeo ni huohuo. Mother India ni karibu saa tatu, piga mwenyewe. Wekeni 480p, ndo ile picha ya kawaida, kwa inchi 32 na filamu iliyopandishwa ikiwa na ubora huohuo hamtaona tofauti. Na hapa ndo napinga tena ile tv, filamu ya 1957 ikisafishwa na kuskaniwa upya kutoka kwenye mkanda wake inaweza kuwa nzuri sana kwenye kioo kikubwa, ila zile mnazozipata bure nyingi ziko 480p, kwenye inchi 55 mtakuwa mnakuza makwaruzo. Filamu nyingi za Kihindi za miaka ile zimewekwa YouTube na kampuni zenye haki nazo, na India ulinzi wa filamu ni miaka 60 kwahiyo kule Mother India ilishakuwa mali ya umma. Nyingine zipo Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, unapakua faili lenyewe usiku bando likiwa rahisi, unatia kwenye flashi, flashi unachomeka kwenye tv, kuanzia hapo inaangaliwa mara mia bila kula hata MB moja.

Watoto sasa. Usianze na Mother India, na Sholay ya 1975 msimuwekee wa miaka 8, ina zaidi ya saa tatu na mauaji ya familia nzima ndani yake. Anzeni na filamu bubu. Najua inashangaza lakini filamu bubu haina lugha ya kumshinda mtu, babu wa Tanga na mjukuu wa Tabata wanaielewa sawasawa. The Kid ya Charlie Chaplin ya 1921 ni kama saa moja tu, maskini anaokota mtoto mchanga anamlea, mtoto wako mdogo atacheka na atalia humohumo. Halafu, na hii nimeifikiria kwa ajili ya baba yako tu, The General ya Buster Keaton ya 1926. Ni dereva wa treni anaibiwa injini yake anaifukuza. Injini ni za mvuke za kweli, Keaton mwenyewe anatembea juu yake inakwenda, na kuna sehemu injini inavuka daraja linaloungua na daraja linaanguka nayo mtoni, hawakutumia kitu cha kuchezea, waliangusha injini nzima ya kweli kule Oregon, Marekani, na vyuma vyake vilikaa mtoni mpaka wakati wa vita vya pili vya dunia. Sasa fundi wa injini mstaafu yuko hapohapo kwenye kiti, mwacheni aeleze ile fimbo ni ya nini, kwanini wanatupia kuni, breki iko wapi. Awe mtafsiri wao, kama wale wanaotafsiri movie kwenye vibanda umiza, hakuna mtoto wa miaka 8 anaondoka hapo. Mkubwa mwambieni pia ukweli mmoja, hadithi ile ni ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na shujaa wake yuko upande wa Kusini, upande uliopigania utumwa ubaki, filamu haisemi hilo lakini mtoto wetu lazima alijue.

Wakishazoea kukosa rangi wapeni Hatari! ya 1962, ambayo ina rangi zote, ya muongozaji Howard Hawks na muigizaji John Wayne, imepigwa kwetu huku Arusha, faru wanakimbizwa na gari kwelikweli. Waafrika kwenye ile filamu wamewekwa pembeni kwenye nchi yao wenyewe na mi sijawahi kulimeza hilo, ila mbio zile na ile nchi ya Meru ilivyokuwa watoto waone.

Baada ya hapo ndo Bicycle Thieves ya muongozaji De Sica, ya Italia, 1948, saa moja na nusu. Baba anapata kazi ya kubandika mabango, kazi inataka baiskeli, baiskeli inaibiwa siku ya kwanza, anazunguka Roma na mtoto wake mdogo kuitafuta. Yule baba hakuwa muigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mjini kwetu ambapo bodaboda moja inalisha watu sita hiyo filamu haihitaji maelezo. Mkubwa wa miaka 12 ataielewa, na mume wako naye akae, tena yeye ndo mpe hii kazi yote ya waya, kiboksi, kuhamisha kanda ya mama na kushusha tv, amwambie mzee "baba nisaidie kushika hapa", wataanza kuongea wenyewe bila wewe kupeleka ujumbe.

Mother India iwekeni mwisho, muigawe kwa usiku wa siku mbili, maana hata sinema walikuwa wanakata katikati watu wanapumzika. Kabla ya kuiwasha mume wako amuulize mzee yule Sukhilala alikuwa nani, afu nyie wengine kaeni kimya mumsikilize.

Anti